Kelele kwenye shortwave, na mayai tisini na sita ya jirani

Wakuu, nawasalimu kutoka Malaba, upande wa Kenya.

Mimi hapa ni msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Juzi mtu alianzisha uzi akiuliza kila mmoja ana hobby gani, nikaona wengi wenu mnataja mpira, movie na kulala. Nilitaka kuandika sentensi moja tu, kwamba mimi husikiliza redio ya shortwave, halafu nikakumbuka kisa hiki.

Si chai, si hadithi ya kutunga. Kilinipata mimi mwenyewe, na sitoki vizuri ndani yake.

Kazi yangu ni makaratasi. Niko kwenye ofisi ndogo ya clearing, ya kupitisha mizigo forodhani, hapa mpakani, na mchana kutwa nabishana na madereva wa malori kuhusu mihuri. Nikifika nyumbani jioni sina hamu ya kuongea na mtu. Natoa kiti nje, nawasha redio.

Kwa wasiojua, shortwave ni masafa yanayosafiri mbali sana. Mawimbi yanapanda juu, yanagonga anga, yanarudi chini nchi nyingine kabisa. Ndiyo maana ukiwa na redio ndogo na waya wa mita kumi na tano uliofungwa kwenye mparachichi, unaweza kukaa Malaba ukamsikia mtu anayesoma habari Ulaya au Asia.

Watu huniuliza, si uko na simu? Niko nayo. Simu inanipa ninachotafuta. Redio inanipa kilichopo, na jioni nyingine hakuna kitu, ni mvumo tu. Raha yenyewe iko hapo, na nimeacha kujaribu kuieleza.

Tuna utaratibu wetu. Ukinasa stesheni unaandika saa, masafa, walichosema, na namba tano za kueleza ulivyowapata: nguvu ya sauti, kelele, mwingiliano na kadhalika. Unawatumia. Wakiridhika kwamba kweli uliwasikia, wanakurudishia kadi ya posta. Ninazo thelathini na moja. Mke wangu, Mama Faith, huziita vyeti vyangu vya uvivu.

Sasa kisa.

Kuna stesheni moja ya Ulaya, jina naliacha, niliyoisikiliza tangu nikiwa sekondari. Mwaka huu walitangaza kwamba wanafunga shortwave, wabaki kwenye intaneti tu. Kipindi cha mwisho kingekuwa Ijumaa, saa moja hadi saa mbili jioni kwa saa zetu. Nilihuzunika kuliko nilivyotegemea. Nikajiambia angalau hicho cha mwisho nitakisikia kisafi, nikirekodi, nitume ripoti.

Shida ikawa moja. Kwa wiki mbili hivi kulikuwa na kelele.

Si mvumo wa kawaida. Ni ule mngurumo mkavu wa krrrr unaotoka kwa kifaa cha umeme kilicho karibu. Kila jioni nikiwasha, iko. Habari zinasomwa nyuma yake na husikii ila neno moja moja.

Kwa watu wa hobby hii kelele ya namna hiyo hutafutwa kwa miguu. Unachukua redio ndogo, unatembea nayo ukiigeuza huku na huku, na pale kelele inapozidi ndipo mwizi wako alipo. Sheria ya kwanza kabisa, ambayo kila mtu wa shortwave anaijua na mimi nimewahi kuwafundisha wengine, ni hii: zima meni swichi ya nyumba yako kwanza. Kelele ikiisha, ni wewe. Ikibaki, ndipo utoke nje.

Mimi niliruka hiyo. Sikuona haja, kwa sababu nilikuwa nimeshapata mshukiwa.

Mshukiwa alikuwa Mama Amoit.

Mama Amoit ni jirani yetu, tumetenganishwa na ua wa michongoma tu. Ni mama wa Kiteso, mchapakazi sana, anauza vifaranga wa kienyeji. Mayai hununua kwa Mzee Makokha wa Khunyangu, wanakutana Nambale siku ya soko, na wamefanya hivyo miaka mingi. Zamani aliyaatamisha kwa kuku. Mwaka huu akanunua mashine ya kuangulia, ile ya umeme, akaiweka kwenye chumba cha nyuma, upande wa kwangu. Siku chache baadaye kelele ikaanza. Hesabu hapo ni rahisi, au niliiona rahisi.

Nilimwendea Alhamisi. Nikamweleza habari ya kelele na ya kipindi cha mwisho, naye akanisikiliza kwa upole ule watu huwapa wagonjwa. Kumbe mwenyewe Ijumaa alikuwa anakwenda matanga Tororo, alale huko. Mama Faith naye alikuwa kwao Namboboto. Kwa hiyo Mama Amoit alikuwa tayari anapanga kuniomba mimi niangalie mashine.

Akanipa funguo.

"Baba Faith, zima hiyo mashine kwa saa moja tu. Ukimaliza unawasha, unaangalia na maji. Hao wako karibu kutoka, usinichezee."

Mayai tisini na sita, wakuu, na Ijumaa hiyo yangefika siku ya kumi na nane. Vifaranga walikuwa wameshaagizwa na kina mama wa kikundi chake.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu nikaingia chumbani kwake na redio mkononi. Nikachomoa mashine kwenye soketi. Redio ikaendelea kunguruma vilevile.

Nikainua kifuniko nione kama kuna feni ya betri au kitu kingine ndani. Hakuna, ni mayai tu. Nikatoka nje na redio, nikaanza kufuata kelele. Nikaenda hadi kwenye nguzo ya stima, ikapungua. Nikapita kwa duka, ikapungua zaidi. Nikarudi kuelekea kwangu, ikapanda. Nilipofika barazani kwangu redio ilipiga kelele hadi nikaishusha sauti.

Juu ya kichwa changu kulikuwa na taa ya usalama, ile ya sensa inayojiwasha yenyewe giza likikaribia. Niliifunga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, wiki mbili zilizopita.

Nyani haoni kundule. Mashine ya Mama Amoit ilikuwa inafanya kazi mchana na usiku, na mimi nilikuwa nasikia kelele jioni tu kwa sababu jioni ndiyo ninakuwa nyumbani. Kama ningewasha redio saa nane mchana siku yoyote ya Jumapili, ningejua.

Nikapanda kwenye kiti, nikaifungua ile taa na kuitoa. Kimya. Halafu kutoka kwenye kimya hicho ikaja sauti ya mtangazaji, safi, saa moja na dakika nne.

Nilikaa pale nikarekodi hadi mwisho. Waliaga kwa lugha kadhaa, wakapiga muziki wao wa siku zote, kisha masafa yakabaki matupu. Nikasikiliza utupu ule dakika kadhaa zaidi. Nakiri macho yalilowa. Nikaandika ripoti yangu palepale, nikala, nikalala na furaha.

Mmeshaona.

Nilikumbuka asubuhi, saa moja, nikipiga mswaki. Kuku wa Mama Amoit walikuwa wanalia ng'ambo ya ua wakitaka kufunguliwa. Nilikimbia na povu mdomoni. Mashine ilikuwa bado imechomolewa, kifuniko kimekaa upande, na mayai ukiyagusa ni baridi kama mawe ya mtoni. Ilikuwa imekaa hivyo kwa muda wa saa kumi na mbili na nusu.

Nikachomeka. Nikafunga kifuniko, nikaongeza maji, nikasimama pale nikiangalia kipimajoto kikipanda polepole hadi kikafika panapotakiwa.

Mama Amoit alirudi saa sita mchana.

"Imekuwa aje?"

"Iko sawa."

Na wakati huo ilikuwa sawa kweli, kipimajoto kilisema hivyo. Huo ndio utetezi niliojipa. Nikajiambia pia kwamba mayai ni magumu, kwamba hata kuku huondoka kwenye kiota akale. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mfano.

Jumatatu, siku ya ishirini na moja, walitoka wanne. Jumanne hakutoka mwingine.

Jumanne jioni nilikuwa nimekaa na redio yangu, masafa ni safi kabisa, nikamsikia Mama Amoit ng'ambo ya ua akipiga simu Khunyangu.

"Mzee, hizo majogoo zako zimezeeka! Mayai tisini na sita, vifaranga nne! Hawa kina mama nitawaambia nini? Wewe unaniletea mayai haina kitu, na mimi nakuamini!"

Sikusikia upande wa pili. Nilimsikia tu Mama Amoit akisema sawa, sawa mzee, akakata.

Hapo nilikuwa na hatua ishirini za kutembea. Ningezunguka ua, nikasema Mama Amoit, si majogoo, ni mimi. Sikuzitembea. Niliona aibu, wakuu, aibu ya mtu mzima aliyeachiwa funguo. Nikasema nitamwambia kesho. Jumatano nikachelewa kutoka kazini makusudi, nikapitia njia ya nyuma.

Alhamisi nilipofika nyumbani aliniita. Alikuwa amewapa wachelewaji siku mbili zaidi, kama anavyofanya kila mara, sasa amezima mashine. Alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma ya nyumba, anapasua yale mayai moja moja na kuyapanga kwenye gunia.

"Kuja uone."

Nikaenda.

"Ona hii. Na hii. Na hii. Yai ikiwa mbaya, kila mtoto anakufa na siku yake. Mwingine mdogo, mwingine mkubwa, mwingine ni maji tu. Hawa wote wako sawa. Wote wako na manyoya. Wamekufa siku moja."

Nikaangalia. Walikuwa sawa kabisa, mistari na mistari.

"Na stima haikupotea. Nimeuliza kwa duka."

Halafu akaendelea kupasua. Hakuniuliza. Nadhani ndiyo sababu nilisema. Nikamweleza yote: soketi, taa yangu, kipindi, mswaki.

Akauliza nilizima saa ngapi na nikawasha saa ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Nilikuachia funguo," akasema.

Nilitamani angenitukana. Badala yake akajifuta mikono kwa leso, akasema nitoe simu yangu, nimpigie Mzee Makokha mimi mwenyewe, na niweke spika. Alisema mzee anafaa kuisikia kwangu, na yeye ataomba msamaha wake baada ya mimi.

Mzee alishika simu haraka. Nikajitambulisha, nikasema mayai yake yalikuwa mazuri, majogoo wake hawana kosa, ni mimi jirani niliyezima mashine ya Mama Amoit usiku mzima nikasahau.

Sauti yake ilikuwa ya taratibu, haina hasira.

"Kijana, umefanya vizuri kunipigia. Lakini hao majogoo nimechinja jana. Wote wawili. Mama wa hapa kwangu alisema kama wamezeeka, wamezeeka, ya nini kuwalisha mahindi ya bure."

Mama Amoit akaweka mkono mdomoni.

"Huyo mwekundu ameniamsha miaka nne," mzee akaendelea. "Leo nimeamka na simu."

Akatuuliza habari za mvua huku kwetu, akatuaga.

Wakuu, nimesikiliza sauti nyingi kwenye redio, za vita na mafuriko na marais wanaopinduliwa. Hakuna iliyonikalia kama ya yule mzee.

Huo ndio mwisho wa kisa. Nilimpelekea Mzee Makokha jogoo mmoja, kijana, mweupe. Alimpokea kwa heshima na kunipa chai, lakini ni kama kumpelekea mtu redio mpya wakati yake ndiyo aliyoizoea. Kwa kina mama wa kikundi nilisimama mwenyewe kwenye mkutano wao nikasema. Mama Amoit tunasalimiana vizuri tu. Akisafiri, funguo sasa anaacha dukani.

Nimejifunza vitu viwili. Cha kwanza ni cha wenzangu wa shortwave: anza na swichi yako, hata kama una uhakika kwamba kelele inatoka kwa jirani. Hasa kama una uhakika.

Cha pili nimechelewa kukielewa. Kusahau kulinichukua usiku mmoja, na nadhani Mama Amoit angenisamehe Jumamosi ile ile saa sita mchana, kwa kelele nyingi, yakaisha. Wale majogoo hawakuchinjwa kwa sababu nilisahau. Jumanne jioni walikuwa bado wazima, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti najua ukweli wote.

Nanyi semeni. Wa redio waniambie wananasa nini siku hizi, maana stesheni zinapungua kila mwaka. Na kama kuna mtu ana hatua zake ishirini ambazo bado hajazitembea, nisingemshauri asubiri kesho.