Ndege wa Mihogo ya Jirani

Nakiri mapema: kisa hiki nakiandika kwa wivu.

Jumamosi tatu mfululizo, mimi mwalimu niliyehamishiwa Kasulu nilijificha kwenye matete ya kijito kimoja cha Nyakitonto, darubini shingoni, kitabu cha ndege mapajani. Nilikuwa namvizia ndege mdogo, mweusi kwa mweupe, asiyetuliza mkia. Kila nikifungua ukurasa, ameruka. Na anatua wapi? Miguuni pa mama mmoja aliyeloweka mihogo yake majini, yenye harufu ya kuziba pua. Anatembea pale kama kuku wa nyumbani.

Uzalendo ukanishinda, nikatoka mafichoni.

“Mama, umemfuga?”

Akacheka, mikono ikiendelea kugeuza mihogo. “Huyu? Kwetu tunamwita inyamanza. Hanifuati mimi, mwalimu. Anafuata nzi.”

Kumbe! Jumamosi iliyofuata nikaja na mihogo yangu, nimeimenya mwenyewe. Nikailoweka hatua tatu kutoka kwa yake, nikakaa kimya. Ndege akaja. Akatua kwenye jiwe langu, akatikisa mkia mara mbili, akaipita mihogo yangu kwa miguu, huyoo kwa mama.

Nimewahi kumwonea wivu mwenye gari na mwenye cheo. Mwenye mihogo iliyovunda, ndiyo mara ya kwanza.

Yule mama alinitazama usoni, akaokota kipande changu, akakinusa, akakirudisha majini taratibu.

“Vumilia, mwalimu,” akasema. “Yako bado haijanuka.”