Askari wa Chuma Aliyevaa Kisutu cha Bibi

Enzi zetu mtoto hakununuliwa kitu cha kuchezea. Ukitaka gari, unakata mabua. Ukitaka mpira, unasokota matambara na kamba ya mgomba. Na ukitaka askari wa chuma wa zama za kale, mwenye deraya mwilini, chapeo kichwani na upanga mkononi, basi ilibidi uwe mimi, kwa sababu Kibuta nzima, na Kisarawe yote ukipenda, hakuna mwingine aliyemtengeneza. Nasema hivyo bila kumwogopa mtu. Wenzangu wa rika langu wapo, waulizeni.

Habari yenyewe ilianza na kopo. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Tatu, alikuwa na kopo la biskuti analowekea vifungo na sindano. Biskuti zenyewe hakuna aliyekumbuka zililiwa lini. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya mtu juu ya farasi, mwili mzima chuma, kichwani chuma, na juu ya hicho chuma amevaa kitu kama kanzu isiyo na mikono, nyeupe, kifuani ina msalaba mwekundu. Sasa sisi watoto wa Kiislamu wa kijiji cha ujamaa, msalaba mwekundu tuliuona mahali pamoja tu: kwenye sanduku la huduma ya kwanza, ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo mimi sikuwa na shaka hata kidogo. Nikawatangazia wenzangu kwamba huyu ni daktari.

"Daktari gani anatembea na upanga?" akauliza Shomari, rafiki yangu, mtoto mwenye mdomo kama pilipili.

"Ndiyo sindano yake," nikamjibu. "Wagonjwa wa zamani walikuwa wakubwa."

Basi jina likawa hilo, Daktari. Na chuoni Maalim alikuwa ametusimulia habari za nabii aliyelainishiwa chuma mkononi, akafuma deraya, vazi la vijipete vingi vilivyoshikana. Siku hiyo hata aya niliyopewa kuihifadhi haikuingia kichwani. Nilitoka pale nimeshaapa: Daktari nitamtengeneza, na deraya yake nitaifuma kipete kwa kipete.

Mwili niliuchonga kwa tawi la msufi, mti mwepesi usiosumbua kisu, urefu wa shibiri moja. Mabegani na magotini nikapitisha waya ili aweze kuinua upanga na kupiga hatua. Bibi aliponiona nachonga alishtuka, akafikiri natengeneza mwanahiti, kile kisanamu cha mti wanachopewa wasichana wakiwekwa ndani. Hayo ni mambo ya wanawake, mtoto wa kiume hayagusi. Nikamwonyesha mikono. Akacheka. "Haya, mwanahiti hana mikono. Huyu wako ni mtu mwingine."

Upanga ukatoka kwenye spoku ya baiskeli, nikaugonga juu ya jiwe mpaka ukawa bapa. Viatu, mpira wa tairi. Deraya nikaipata ndani ya dinamo mbovu ya baiskeli, ambamo mna waya mwembamba kama unywele. Unauzungusha kwenye sindano ya gunia mpaka unakuwa kama springi, unaukata upande mmoja, vinadondoka vijipete. Halafu unaviunganisha kimoja kimoja, kila kimoja kinabeba vinne. Wenzangu walikwenda kuogelea, mimi nafuma. Walikwenda kuokota korosho, mimi nafuma. Mama alisema, "Mtoto huyu akishika kitu, utadhani kamfunga jini." Nilifuma msimu mzima wa kiangazi.

Lakini chuma cha mabati ya kifuani na chapeo ndicho kilichonitoa jasho. Wakati ule dawa ya meno ilikuwa inakuja kwenye mirija ya bati laini, ukiipasua na kuinyoosha inang'aa kama fedha. Tatizo, kijiji kizima tulipiga mswaki wa mti. Mwenye dawa ya meno alikuwa mmoja tu, bwana shamba. Nikawa kila asubuhi nampitia.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba. Karibu."

"Umeshapiga mswaki?"

Siku ya kwanza alicheka. Siku ya kumi akaniita kando. "Kijana, hebu niambie. Kinywa changu kina nini?"

Nilipomweleza shida yangu aliingia ndani, akakamua dawa yote iliyobaki ndani ya kikombe, akanipa mrija. Mungu amrehemu popote alipo. Ile shingo ya mrija, panapofungwa kifuniko, ndiyo ikawa kilele cha chapeo, nikachomeka unyoya wa jogoo. Nawaambieni, alipendeza!

Ikabaki nguo. Ile kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu. Na hapo Shomari hakuniacha. "Daktari wako hana kanzu, kama mbeba magunia. Atamtibu nani?"

Wa rika langu wanakumbuka nguo zilivyokuwa miaka ile. Duka la ushirika likipata kitambaa, foleni inaanza kabla jogoo hajawika, na wa nyuma anarudi na kikapu kitupu. Mabaki ya Fundi Kondo, mshonaji wetu wa pekee, yalikuwa kaki na kaniki nyeusi tu. Nyekundu juu ya nyeupe niliiona mahali pamoja: sandukuni kwa Bibi. Kisutu.

Msiojua, kisutu ni ile kanga ya wekundu, weusi na weupe anayofunikwa bibi harusi. Kile cha nyumbani kwetu Bibi aliolewa nacho, mama akaolewa nacho, na sasa kilikuwa kinamngoja dada yangu Mwanaidi. Karibu na pindo, mahali wekundu na weupe vinapopishana, palikuwa na kijimchoro kama msalaba. Nilikwenda mara tatu kukiangalia. Mara ya nne nilikwenda na mkasi. Nikakata kipande cha ukubwa wa kiberiti, nikajiambia nguo kubwa namna ile haiwezi kukosa kipande kama hicho.

Nikamshonea Daktari. Tobo la shingo, pindo nyembamba kama uzi wa buibui, mishono huioni mpaka uisogeze jichoni. Shomari alipoiona alikaa kimya. Kumnyamazisha Shomari! Nikajiona nimefika.

Harusi ilipangwa Ijumaa. Jumatatu ya kabla yake asubuhi Bibi alitoa kisutu akifukize udi. Akakitandaza uani. Nilikuwa napepeta mchele karibu yake, nikaona mkono wake umesimama.

Hakupiga kelele. Aliangalia lile tobo, akaniangalia mimi, kisha akaenda moja kwa moja dirishani alikosimama Daktari. Akamshika kwa vidole viwili.

"Nilikuambia mwanahiti hana mikono," akasema. "Wewe huyu ukampa. Umeona sasa? Ameiba."

Dada Mwanaidi akatoka ndani, akaona, akakaa chini palepale. Hakunitukana. Alilia tu, na kile kilio kimenikaa masikioni mpaka leo. Kisutu kingine hakikuwepo, dukani wala kwa jirani, na kuolewa na kisutu chenye tobo ni kuwapa watu maneno ya mwaka mzima. Watasema ndoa imeingia na upepo.

Bibi alikikunja, akanishika sikio mpaka kwa Fundi Kondo. Mzee alikigeuza kisutu huku na huku kwenye baraza yake.

"Mashine siiweki hapa," akasema. "Mashine itaacha kovu. Hiki ni cha kurudishiwa uzi kwa uzi kwa mkono, na macho yangu hayo hayapo tena. Kipande kiko wapi?"

Nikamvua Daktari nguo, nikampa. Akaisogeza jichoni. Akaigeuza ndani nje. Akavaa miwani, akaitazama tena.

"Nani kashona?"

"Mimi."

"Usinidanganye, nitakuchapa juu ya hicho kipigo cha bibi yako."

"Ni yeye," Bibi akasema. "Ndiyo kazi anayofanya badala ya kulima."

Fundi Kondo akavua miwani, akasema, "Basi mkono uliokata ndio utakaorudisha. Ukishindwa, Ijumaa dadaako ataaibika mbele yako, na utakuwepo kuona."

Akanifundisha jambo moja tu: uzi usinunue, uchomoe kwenye pindo ya kisutu chenyewe, wekundu kwa wekundu, weupe kwa weupe. Ndipo nikafumua kila mshono niliojivunia. Kipande nikakirudisha mahali pake, nikaanza kusuka uzi juu, uzi chini, kama nilivyounganisha vijipete vya deraya. Pabaya zaidi ni kwenye lile tobo la shingo, pale kitambaa hakikuwepo kabisa. Pale ilibidi nikifume upya kutoka hewani. Shule sikwenda, na fimbo za mwalimu nilizikuta baadaye. Vidole viliuma, nikavipaka mafuta ya nazi nikaendelea. Jumatano nilikosea rangi, weupe umeingia kwenye wekundu. Shomari, aliyekuja kunicheka akaishia kunishikia kitambaa, akasema, "Acha tu, nani ataona?" Nikamwambia, "Mimi." Nikafumua, nikaanza tena.

Alhamisi alasiri nilimpelekea Bibi. Alifumba macho. Alipitisha kidole gumba polepole, kona mpaka kona. Akarudia. Mara ya tatu alisimama mahali, kisha kidole kikaendelea.

"Liko wapi?" akauliza.

"Umeshalipita, Bibi."

Akafumbua macho. "Haya. Kakifukize udi." Hilo tu. Mtu wa siku hizi angetaka apigiwe makofi.

Ijumaa dada yangu alitoka amefunikwa kisutu, na wanawake wote wenye macho ya kutafuta kasoro walikuwepo. Hakuna aliyeona kitu. Jumatatu yake Fundi Kondo alimtuma mtu kwa Bibi: "Yule mwizi wako aje na mkasi wake." Shule nikaishia darasa la nne. Yaliyobaki nimesoma kwenye ncha ya sindano, na leo pale Maili Moja mafundi kumi na mmoja wako chini yangu, wengine wana vyeti vya ufundi, na nguo ikiharibika hakuna anayemwita mwenye cheti. Ninaitwa mimi.

Juzi mwanangu wa mwisho alinunuliwa askari wa plastiki. Amekuja amevaa kila kitu, chapeo, ngao, nguo imeshikamana na mwili, haivuliki. Siku ya tatu mkono umevunjika, akamtupa, akarudi kwenye simu. Nikamwambia tumtengenezee mkono. Akaniangalia kwa huruma. "Baba, si utanunua mwingine?" Sikumgombeza. Watoto wetu wamekuta kila kitu kimeshashonwa. Hawana walichokata, kwa hiyo hawana cha kurudisha.

Daktari bado yupo, juu ya rafu karibu na meza yangu ya kukatia. Deraya imeingia kijani, unyoya niliubadilisha mara nyingi, upanga bado unainuka. Juu ya deraya hana kanzu. Wateja wananiuliza, fundi mkubwa kama wewe, mbona huyu hujamshonea nguo? Nawaambia nguo anayo, iko Kibuta.

Mwaka huu binti mdogo wa dada Mwanaidi aliolewa. Kisutu kikatolewa, na dada, ambaye sasa nywele ni nyeupe, akanipa mbele ya watu wote. "Haya, wewe mwenye majigambo. Waonyeshe ulipokata." Nikavaa miwani. Nikapapasa kona mpaka kona, polepole, kama Bibi alivyofanya. Nikarudia. Watoto wananicheka, dada ananicheka, na mimi machozi yananilenga kwa furaha ambayo siwezi kuieleza.

Sikupaona.