Picha ya Bibi wa Kerenge

Siku ya kwanza kazini nilichomekea shati, nikajiona afisa. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya Korogwe, na mjomba wangu alijiita Mkurugenzi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumpinga.

"Kamera shika kwa mikono miwili," aliniambia. "Simu shika unavyotaka."

Nilipanda cheo upesi. Likizo ya shule haijafika katikati, Mkurugenzi akaenda na kamera kwenye harusi Kabuku, akaniachia ofisi. Ndipo akaingia bibi mmoja wa Kerenge.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka picha ya msiba wangu."

Nilidhani ananitania. Kumbe mumewe alipofariki, walikuza picha ya simu iliyopigwa kwa mbali, wakaibeba mbele ya jeneza. Uso ulikuwa umetawanyika kama uji.

"Wajukuu wakaulizana, huyo ni nani," alisema. "Mimi sitaki kuulizwa."

Nikatoa simu yangu, mimi huyo mtaalamu. Chumba kilikuwa na giza kidogo, basi picha ikajaa chenga, zile punjepunje zinazotokea lenzi ndogo ikikosa mwanga. Nikavuta uso karibu. Simu haivuti, inakuza tu kile kidogo ilichonacho. Bibi akaitazama.

"Huyu ni marehemu mzee wangu tena," akasema.

Hapo utani uliniishia. Nikamwomba arudi kesho.

Kesho yake Mkurugenzi alikuwa amerudi, akafunga kwenye kamera lenzi ndefu, ile inayoshika uso vizuri na kuacha ukuta wa nyuma ufifie. Bibi akakakamaa kama anasomewa hukumu.

"Bibi," nikamwambia, "ukikunja uso hivyo, waombolezaji watakimbia wakuache na jeneza lako."

Akacheka, pengo nje. Simu ingekuwa bado inafikiria. Kamera ikalia kacha, ikamdaka.

Mkurugenzi alitaka kurudia, bibi akakataa. "Acha hiyohiyo. Huyo ndiye mimi."

Nilistaafu kazi shule ilipofunguliwa, bila sherehe wala kiinua mgongo. Simu yangu bado naipenda, inafaa sana kwa picha za chipsi. Ila nikipita Kerenge huingia kumsalimu bibi. Picha iko sebuleni, inacheka juu ya kochi.

"Haijapata kazi bado," huniambia, kisha ananimiminia chai.