Wino wa Posa ya Kaka Hamisi

Aibu hii nimekaa nayo tangu mwaka jana, na naona bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Nandagala, ambao wanaitia chumvi (ingawa kwa kweli haihitaji chumvi).

Mimi ni mtu wa kurudiarudia. Nikiandika ukurasa, herufi moja ikapinda, nauchana wote. Hati nilijifunza peke yangu kwa kalamu ya marehemu babu, aliyekuwa karani hapa Nachingwea: kalamu nzito ya zamani, ya kujaza wino, ina mpira tumboni na kijiti cha chuma ubavuni, na ukikiinua kile kijiti kisha ukakiachia huku ncha imezama kwenye kichupa cha wino, inanyonya. Ncha yenyewe ni pana, inalaza mstari mnene unaong'aa kama umepakwa mafuta. Kuutazama mstari ule ukikauka ndiyo starehe yangu, sina nyingine.

Sasa kaka yangu Hamisi alitaka kumwoa Zuhura wa Nandagala, kule Ruangwa, na barua yake ya kwanza ya posa ilirudishwa. Ilikuwa imechapwa kwa kompyuta. Baba mkubwa wa Zuhura, Mzee Issa, aliitazama mara moja akasema, "Hii notisi. Mwambieni akaoe ofisini." Tukaomba kupeleka ya pili, wakakubali kwa shingo upande, na nyumbani kila mtu alijua ya tatu haipo. Nikapewa mimi niiandike kwa mkono. Niliandika nakala kumi na moja.

Siku ya kuipeleka nilifuatana na baba mdogo Saidi, mshenga wetu. Hamisi alibaki nyumbani, kama desturi inavyotaka, akinipigia simu kila baada ya dakika kumi. Ruangwa mjini, tukisubiri pikipiki kwenye hoteli ya chai, nikamwomba baba mdogo niione barua mara moja tu. Heri nisingeiomba. Mstari wa mwisho ulikuwa umefifia, maana wino ulikuwa unakaribia kwisha nilipouandika.

"Inasomeka, mwanangu," baba mdogo akasema.

"Inasomeka, ila imepauka."

"Uliyepauka ni wewe. Kunywa chai."

Sikunywa. Nikatoa kichupa, nikaijaza kalamu pomoni palepale mezani, nikaukoleza ule mstari, nikaupuliza mpaka ukakauka, nikamrudishia barua yake akaifunga kwenye leso nyeupe. Kalamu ile ukishaijaza unatakiwa urudishe matone mawili matatu kichupani, uifute, kisha uibebe ncha ikiwa juu. Nayajua yote hayo. Lakini pikipiki zilikuwa zinapiga honi, nami nikaitumbukiza mfukoni mwa kanzu, ncha chini, tukaondoka kwenye barabara ya mashimo na jua la saa tisa.

Tulipofika mlangoni kwa Mzee Issa nikahisi paja limelowa. Nikaingiza mkono wa kulia mfukoni kuhakikisha (kuhakikisha ndiyo ugonjwa wangu), na wakati huohuo mlango ukafunguliwa, wazee saba wamesimama kwa mstari kutupokea, mikono imenyooshwa. Nikautazama mkono wangu. Bluu, kiganja kizima. Wewe ungefanyaje? Mkono wa kushoto humpi mzee, tena mzee unayekwenda kumwomba binti, na kumnyima mkono kabisa ndiyo dharau yenyewe. Nikaufuta harakaharaka nyuma ya kanzu, nikainama, shikamoo, shikamoo, nikawashika wote saba kwa adabu zote nilizofundishwa.

Ndani madirisha yalikuwa madogo, hakuna aliyeona kitu. Mzee Issa akafungua leso, akaisoma barua kwa sauti, taratibu, mpaka mstari wa mwisho.

"Hii ndiyo barua," akasema. "Kaandika nani?"

"Kijana huyu," baba mdogo akajibu kwa maringo.

"Mashaallah. Ana mkono."

Nikaukalia ule mkono.

"Basi tuombe dua."

Wakainua viganja. Nikaviona, saba, kila kimoja na kiraka chake cha bluu kinachong'aa kwa jasho, na nikajua kinachofuata baada ya amina, na nani anakatiza dua? Niliomba dua iwe ndefu, nadhani sijawahi kuomba kwa moyo kama siku ile. Amina. Nyuso saba zikapanguswa, kutoka kwenye paji mpaka ndevuni.

Shangazi yake Zuhura, Bi Somoe, akaingia na birika na beseni la kunawia, akasimama.

"Mmepakana nini, wazee wazima?"

Mzee Issa akamgeukia jirani yake, akaanza kucheka. Jirani akamcheka yeye. Kicheko kikazunguka mkeka mzima mpaka kila mmoja alipotazama kiganja chake mwenyewe, kikafa. Wote wakanigeukia mimi, mwenye uso safi na mkono niliokuwa bado nimeukalia.

"Wallahi nilimwambia anywe chai," baba mdogo akasema.

Nikasimama, nikaonyesha doa la wino kwenye kanzu, nikaeleza yote, nikaitoa kalamu, nayo ikadondosha tone jingine mkekani. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni, ndani ya wino, Hamisi anapiga. Mzee Issa alitazama kiganja chake, kisha kalamu.

"Ile ya kwanza nililalamika haina mkono wa mtu," akasema, akijigusa ndevu. "Hii nayo nikiilalamikia, nitakuwa mkorofi."

Jibu, kama ilivyo desturi, lilikuja baada ya wiki, na wiki ile Hamisi hakunisemesha. Walikubali. Siku ya ndoa Mzee Issa aliuchukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akakisugua kwa dole gumba kama anayekagua korosho ghalani, ndipo akanisalimia. Wale sita walinisalimia kwa mdomo tu, mikono nyuma.

Kalamu ninayo bado. Naijaza nyumbani, narudisha matone matatu, naifuta, naisimamisha ncha juu, na haitoki nje ya mlango. Juzi niliandika barua, mstari wa mwisho ukapauka. Vidole vikaniwasha nusu saa nzima. Nikanywa chai.