Vile Nilimfunza Mjukuu Wangu Kukataa

Atiriri! Hebu nyamazeni kidogo. Wewe wa huko nyuma, weka simu, haitakuambia kitu kama hiki. Mama, vuta kiti, na huyo mtoto mpe titi asituharibie. Mko sawa? Basi nisikizeni, na kama mnataka kucheka mcheke huku mwanzoni, kwa sababu mbele huko kicheko kinaisha kama unga mwezi kona, kabla mshahara uingie.

Mimi ni yule shosho wa mandazi, wa hapo nje ya shule, Kiganjo, hapa Thika. Darasani niliingia mara moja tu, nikifukuza kuku. Kusoma sijui, na nimezeeka vizuri bila. Lakini mandazi! Andazi langu likifura kwa mafuta, watu wa mtaa wa pili wanafungua dirisha waone ni nini imeziba jua. Wenye wivu wanasema mafuta yangu ya kukaangia yameona marais watatu. Waongo. Ni wawili.

Ndani ya hiyo shule nilikuwa na mmoja wangu. Mjukuu. Mama yake, msichana wangu, anashona nguo kwa kampuni huko Ruiru, shifti ya usiku, analala wakati watu wengine wanakula lunch. Mtoto alikuwa amelelewa Gatuanyaga kwa ndugu yangu, kwa ile vumbi, na mbuzi. Mwaka jana tukakaa chini tukasema aje kwangu, shule ya huku taoni ni nzuri. Hakuna mtu alitulazimisha. Ni sisi tulisema.

Akaingia gredi ya saba. Kadogo, kapole, kananioshea sufuria bila kuambiwa. Siku ya kwanza mwalimu akamwambia asimame ajitambulishe. Akasema anatoka Gatuanyaga na anajua kukamua mbuzi. Woi, mami! Si ungesema hata unajua kuogelea! Kutoka hiyo siku, akipita, darasa lote, "Meee!" Akienda choo, "Meee!" Akiinua mkono ajibu swali, kabla mwalimu amchague, "Meee!" Mimi nikiwa kwa geti nilikuwa nasikia, nikafikiria shule imeanza kufuga.

Lunch alikuwa anakula amesimama, nyuma ya tangi la maji, peke yake, anaangalia ukuta. Nilikuwa namwona kupitia ufa wa geti. Chakula nilikuwa namfungia nyingi, ya kulisha jeshi, ndiyo agawie marafiki. Jioni inarudi vile ilienda. Nikaenda kwa mwalimu wa darasa. Akaniambia, "Shosho, watoto ni watoto. Atazoea." Na kweli akazoea. Mtu huzoea hata kiatu iko na msumari.

Halafu siku moja ile "meee" ikaisha, pap, kama mtu amezima redio. Kumbe mtoto amepata marafiki. Wasichana watatu wa gredi ya tisa, warefu kama milingoti ya stima, wale hata soja wa geti anawasalimia kwanza. Wakisimama naye hakuna mtu anathubutu kulia kama mbuzi. Wakaja mpaka kwa meza yangu.

"Shosh, sasa!"

"Poa sana, warembo."

"Huyu wako ni wetu sasa. Usijali."

Nilifurahi hadi nikawafungia mandazi ya bure. Na kesho yake tena. Nilimwambia Mungu asante kwa sauti, hapo kando ya barabara, mpaka mtu wa boda akasimama akidhani namwita.

Sasa, kulikuwa na mwalimu wa ushauri. Msichana mdogo, mzuri, sauti yake ni ya kwaya. Siku moja akanijia na uso mzito. "Shosho, kuna keki zinazunguka madarasani. Zimewekwa bangi. Tunapekua mabegi hapa getini kila asubuhi, mpaka ndani ya soksi, na hatuoni zinaingilia wapi."

"Keki ya bangi!" nikamwambia. "Na mimi nasumbuka hapa na iliki!"

Akacheka kidogo, akaacha. Akaniambia kila mzazi afunze wake nyumbani. Kuna hatua tatu tu, hata mtu hajasoma anaweza. Mtu akikuletea kitu kibaya, moja, mwangalie machoni. Mbili, mwambie hapana. Tatu, ondoka.

Hiyo kazi nilichukua kwa uzito kushinda padri. Jioni tukimaliza kula githeri, navaa kofia ya marehemu babu yake, navaa miwani ya jua imebaki kioo kimoja, natafuna kijiti, najitupa kwa mlango kama muhuni wa steji.

"Niaje, msupa. Onja hii kidogo. Kila mtu anaonja."

Mwanzo alikuwa anaanguka kwa kitanda akicheka. Polepole akashika. Ananiangalia machoni, kavu, "Hapana," anageuka anaenda. Nikambembeleza, akakataa. Nikamtisha, akakataa. Nikalia machozi nikasema nitakufa asipoonja, akakataa! Akawa mlango wa chuma. Akakataa mpaka ikanirudia mwenyewe: namwambia lete makaa, ananiangalia machoni, "Hapana," na huyo anaenda. Nilikaa jioni nzima bila chai kwa sababu nimefunza vizuri sana.

Majirani wakaanza kuja kutuangalia. Ploti yote. Watu wa Theta sijui waliambiwa na nani, walitaka kukodi basi.

Jioni moja tulikuwa tumemaliza, nimevua kofia, akaniuliza, "Shosho, na kama ni mtu mnapendana?"

Nikamjibu haraka, nilikuwa nataka kulala. "Mtu akikupenda hawezi kukupa sumu."

Akaenda kuosha sufuria, na ilikuwa imeoshwa.

Mwalimu wa ushauri akasikia sifa zetu. Akaniomba niende paredi ya Ijumaa nifanyie shule nzima. Mimi! Mimi wa kufukuza kuku! Nikavaa kofia, nikavaa miwani, nikapanda ile jukwaa yao ya simiti. Ngai! Nilitembea kama nimekanyaga misumari, nikauza keki za uongo kwa diputi, kwa mpishi, kwa bendera. Watoto walicheka mpaka mabati ya madarasa yakalia. Diputi mwenyewe, naibu wa hedimasta, mwalimu wa hesabu, mtu uso wake umefungwa na kufuli tangu azaliwe, alitoa kitambaa akapanguza macho. Kila nikisema "Onja hii!", shule nzima, "Hapanaaa!" Wale watatu wa gredi ya tisa ndio walipiga kelele kushinda wote. Mmoja aliinua ngumi.

Nikamwita wangu mbele. Akaja akiangalia chini. Lakini nilipomtolea keki aliinua kichwa, akaniangalia machoni, akasema hapana, akaondoka. Kama maji. Makofi! Nilishuka pale nikijua nimeponya Thika yote, nikianza kufikiria Ruiru.

Sasa mjue, mimi ndio nilikuwa nauzia walimu mandazi ya chai ya saa nne. Inaingia asubuhi kwa ndoo nyeupe ya kifuniko, karatasi safi chini, mandazi juu, na anayebeba ni mjukuu wangu. Hiyo ndoo haikuwa inapekuliwa. Nani atapekua chai ya walimu? Soja alikuwa anafungua tu kifuniko, anachukua moja la juu, anatafuna, anasema pita.

Jumanne baada ya ile paredi, mtoto akiingia na ndoo, mwalimu wa ushauri akakutana naye. Akampongeza tena kwa ile Ijumaa. Akamwambia, "Leo acha nikusaidie," akashika ndoo, akaipeleka ofisi ya walimu mwenyewe.

Saa nne watu wakanywa chai. Diputi ni mtu wa kula. Alifika mpaka chini, akainua karatasi, akapata kifurushi cha keki. Akadhani shosho ametuma zawadi. Hakuambia mtu. Akala mbili amesimama kwa kona, akaenda kufunza hesabu.

Wanasema alianza vizuri. Akaandika hesabu ubaoni, akarudi nyuma, akaiangalia. "Angalieni hii nane," akasema. "Mbona imenona hivi?" Akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaenda nje akasalimia mlingoti wa bendera kwa mkono, akauliza watoto wake wako aje. Nyinyi mnacheka, hata mimi nacheka, lakini baadaye alikaa chini kwa vumbi akaanza kuita mama yake, na mama yake alizikwa kitambo. Moyo ulikuwa unamkimbia kama unataka kutoka. Walimpeleka hospitali kwa boda, amekaa katikati, mwalimu mmoja amemshika kwa nyuma. Alilala huko. Alipona, lakini ile kufuli ilirudi kwa uso na sijaona ikifunguka tena.

Mimi nikaitwa kwa hedimasta. Ndoo yangu iko juu ya meza, imefunguliwa, kama mtu amepasuliwa.

"Mama, ni wewe unaoka hizi?"

"Mwalimu, mimi hata keki ya harusi yangu nilisikia tu ikiongelewa."

Hakucheka. "Polisi wako njiani."

Nilitafuta mzaha mwingine mdomoni, nikapata ulimi peke yake. Wakampigia msichana wangu simu, akatoka Ruiru bila kulala, akafika nyuzi za kazi bado zimeshika kwa sweta, akakaa kando yangu hajui hata amlaumu nani.

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Mjukuu wangu.

"Shosho hajui kitu. Ni mimi huweka, chini ya karatasi. Na huwa natoa kabla sijafika kwa walimu. Ile siku mwalimu alinishikia ndoo."

Mwalimu wa ushauri akaweka mkono kwa mdomo.

Hedimasta akaegemea mbele. Akaongea polepole, hata naweza kusema kwa upole. "Wewe ni mdogo, najua hizi si zako. Niambie ni nani hukupa. Ukiwataja, unabaki hapa shuleni. Usipowataja, chukua begi uende na mama yako."

Mama yake akamvuta mkono. "Sema, mami. Sema tu."

Mtoto akainua kichwa. Akamwangalia hedimasta machoni, kavu.

"Hapana."

Ngai wangu! Sauti haikutetemeka. Ilikuwa safi kushinda zote tulifanya nyumbani, kushinda ile ya paredi. Mkono wangu ulitaka kupiga makofi peke yake, nikaukalia.

Alienda. Siku hizi yuko Gatuanyaga, ako na mbuzi. Shule zingine tumeuliza, wakipiga simu kule alitoka, wanatuambia hakuna nafasi. Mama yake bado anashona usiku, na mchana hata kulala halali, anaangalia mabati. Mimi polisi waliniandika wakaniachilia, lakini nilikatazwa kukaa karibu na lile geti, niko hapa ng'ambo, na wateja ni nyinyi na nzi. Wale watatu niliwataja mwenyewe, majina na sura. Wakaitwa. Wakaulizwa. Wakasema hawajui, wakarudi darasani. Nilikuwa na ushahidi gani? Wakipita hapa bado wananisalimia, "Shosh, sasa!" na mimi najibu poa, nifanye nini? Juzi nimewaona na mwingine, wa kiume, mgeni, kafupi, begi limemshinda. Wamemshika bega vizuri kabisa. Anacheka, anafurahi, ungemwona. Na Ijumaa nikiwa hapa nasikia paredi ikipigishwa zile hatua tatu, na shule nzima inaitikia, sauti moja, mpaka mbwa wa mtaa wanajibu.

Lakini sijawamalizia ile ofisi. Alisema ile hapana yake. Hedimasta akaanza kutafuta kalamu. Mwalimu wa ushauri alikuwa analia, mtoto wa watu, alikuwa amejaribu kweli. Akapiga magoti mbele ya mjukuu wangu, akamshika mabega yote mawili.

"Mami, wewe unajua kukataa kushinda sisi wote hapa. Mbona hao hukuwakataa?"

Na mtoto, kwa haraka, kama mtu amechoka kungoja aulizwe:

"Mwalimu, si ya tatu ni kuondoka? Nikiondoka kwa hao, naenda kwa nani?"