Programu Iliyomwita Elias

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nimezunguka na malori ya mahindi, nikabaki Mpanda kwa sababu lori liliharibikia hapo. Mwenye stationari, tuliyemwita Mkurugenzi ingawa ofisi yake ilikuwa chumba kimoja, alinikuta nachungulia kompyuta.

"Unafagia vumbi au unafagia picha?" akaniuliza. "Haya, kaa. Ukiiua utaizika mwenyewe."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kufuta alama ya programu kwenye kioo si kuiondoa programu. Umeng'oa kibao cha mlangoni tu. Mwenye nyumba bado yumo. Kuiondoa kweli, unaingia kwenye mipangilio, unaichagua, unaiamuru itoke. Hapo linaamka faili dogo la kuondolea, linalojua kila mahali programu ilipoweka vitu vyake.

Sikuwa mtu wa kukaa. Nilihamia Mishamo, nikafanya kazi chini ya mwalimu mkuu mstaafu aliyefungua darasa la kompyuta. Mashine ikigoma, wanafunzi wakaanza kubofya ovyo, alifoka: "Imewaandikia shida yake hapo, nyie hamtaki kusoma!" Karema nilipakia nyimbo kwenye simu za wavuvi hadi nikachoka na upepo wa ziwa, nikarudi Mpanda.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Misunkumilo, kwa mjane mmoja kijana. Mumewe, Elias, alikuwa akitengeneza matangazo ya sauti kwa kompyuta. Programu yake ilikuwa na sauti ya mashine, na kila mara kompyuta ilipowashwa ilisema kwa lafudhi ya Kizungu: "Karibu, Elias."

Katika ukoo ule, marehemu hatajwi jina mpaka azaliwe mtoto wa kulirithi. Mtoto hakuwepo. Hata mama wa marehemu, aliyeitwa Mama Elias tangu amzae, sasa watu walimwita Bibi tu; mjane aliniambia kila asubuhi alifagia chini ya dirisha la chumba cha kompyuta. Jina lile lilibaki kinywani mwa mashine.

"Fundi, itoe," mjane aliniambia. "Nachapa barua za watu hapa. Kila asubuhi inaniitia mume wangu mbele ya wateja. Siwezi tena."

Nikaiamuru itoke. Ikaandika kwamba bado inatumika. Nikaifunga kwenye orodha ya kazi zinazoendelea, nikajaribu tena. Ikaandika kwamba faili la kuondolea halipo.

"Nani alifuta folda ya programu?"

"Shemeji. Alisema ameimaliza."

Shemeji alikuwa amefuta kilichokubali kufutika, pamoja na lile faili. Kipande cha kusalimia kilikuwa kinafanya kazi wakati ule, kwa hiyo kikagoma kufutika. Hapo dawa ni moja: unairudisha programu nzima, toleo lilelile, ndipo uiondoe kwa utaratibu. Kwa bahati flashi ya marehemu yenye toleo hilo ilikuwa bado kwenye droo.

Ilipomaliza kurudi nikaiwasha upya kompyuta. "Karibu, Elias," ikasema.

Bibi akatoka jikoni, mikono ina unga. Akasimama mlangoni.

"Mmeitengeneza?"

Mjane akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Tunaitoa."

Bibi akaketi kwenye kigoda. Nikaelewa kwa nini kila asubuhi alikuwa akifagia dirishani pale pale. Nikamwambia ninaweza kumwekea ile sauti kwenye simu, aisikilize akitaka.

"Kwenye simu nitamwita mimi," akasema. "Nilipenda aitwe bila mtu kuombwa."

Baadaye akamtazama mkwewe aliyekuwa akilia, akaniambia, "Mtolee, baba. Ana haki ya kufanya kazi."

Nikaiondoa. Safari hii ilitoka yote. Nikawasha kompyuta kuhakikisha, kama fundi anavyotakiwa. Kioo kikawaka, kikatulia. Bibi alisubiri hata baada ya mimi kujua hakuna kitakachokuja.

Sasa macho yamechoka na kazi nimeiacha. Vijana wakija kuniuliza programu iliyogoma inaondolewaje, nawaeleza hatua zote, na zinafanya kazi. Ila nikimaliza kueleza namuona yule Bibi akisubiri. Siku ile nilipobeba begi langu nilitamani kumuaga kwa lile jina lake la zamani. Mjane alikuwa ananitazama, na desturi yao si yangu kuivunja.

"Bibi," nikasema, "mimi naondoka."

Akaitikia.