Jaruba langu la mpunga limegeuzwa malisho kwenye ramani ya taifa

Wakuu, salamu kwenu, na wenye watoto wanaolia mgongoni kama wangu salamu mara mbili. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa.

Nakaa Cheyo, Tabora. Nina mtoto wa mwaka mmoja, na chakula chetu cha mwaka kinatoka kwenye jaruba moja la mpunga, mbugani kijijini kwa mama.

Kwa wasiojua: huku tukishavuna tunaruhusu ng'ombe wa jirani yetu, baba Kulwa, waingie wale mabua. Wao wanashiba, sisi tunabaki na samadi. Hakuna cha mkataba wala nini.

Mwezi wa tisa, jua linachoma, nikiwa pale jarubani, akaja kijana na tableti. Eti wanachora ramani ya nchi nzima: wapi msitu, wapi shamba, wapi malisho, ili rasilimali zitunzwe. Setelaiti imeshapiga picha, yeye anahakiki tu.

Nikampa na maji ya kunywa. Mjinga mimi.

"Dada, hapa kuna nini?"

"Si unaona, kaka? Ng'ombe wa baba Kulwa wanakula."

Akabonyeza, akashukuru, akaondoka. Hata dakika tano hazikufika!

Jamani, si angeangalia chini? Matuta ya kuzuia maji yapo, mashina ya mpunga yapo. Au ng'ombe ndio walipanda?

Wiki iliyopita tukaitwa mkutano wa kijiji. Ramani ukutani, mpango wa matumizi ya ardhi umeshachorwa juu yake. Jaruba langu ni njano. Njano ni malisho, kulima marufuku.

Nikasimama, nikasema hapo ni jaruba langu, si malisho. Kijana yule yule akanijibu, "Lakini dada, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia."

Watu wakacheka! Baba Kulwa naye akadakia, "Mama Zuhura, basi njoo unichungie."

Nikamwambia kijana, "Kwa hiyo ukinikuta nimelala utaandika nimekufa?"

Akaanza kujitetea, eti app inakubali jibu moja tu. Atarudi kuhakiki mvua zikikolea. Mwenyekiti akaongeza: mpaka hapo nisiguse jembe.

Sasa wakuu, nisipolima atakuta nini? Majani! Na majani kwake ni malisho! Mwanangu ale ramani?

Nimelima. Baba Kulwa nadhani aibu ilimshika, alfajiri ya siku iliyofuata mkutano kaniletea maksai na plau. Ng'ombe wale wale walioniponza ndio walionilimia.

Nilichojifunza: mtu akikuuliza hapa kuna nini, usimjibu cha siku hiyo. Mweleze mwaka mzima, na usimame hapo mpaka uone alichoandika.

Aliyewahi kubadilishiwa rangi kwenye ramani hizi aniambie alianzia ofisi gani. Wa kunicheka pia karibuni, nimeshazoea.

Nitawajibu jioni. Saa hizi niko kwenye tope, napandikiza.